Maji ya Kuku wa Kitangari

Mama Julia alikuwa anaponda majani ya shubiri kwa ajili ya kuku wa kizungu wa kijiji cha Kitangari, mimba yake ya miezi minane ikimzuia kuinama sawasawa. Maji ya shubiri na mwarobaini ndiyo yaliyowaponya kuku hao walipoanza kuhara damu. Bwana mifugo alikuja kutoka Newala, akawatazama, akasema dawa hakuna hata Mtwara, akawasha pikipiki yake. Basi mama wa watu akarudi kwenye dawa za bibi yake.

Usidhani aliwapenda. Mijikuku ile, miguu haiwezi hata kubeba kifua, nani aipende? Alichopenda ni maji yao. Tangu watu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, maji yao yalikuwa ya kuahidiwa mikutanoni. Kuku walikuwa mradi wa mkoa, kwa hiyo kila wiki lori liliwaletea pipa zima, na mlezi wao akaruhusiwa kuchota yanayosalia. Mwaka uliopita mimba ya Mama Julia ilitoka akipanda mlima kutoka bondeni, ndoo kichwani. Hii aliapa haitashuka huko.

Jua lilipopanda akaja katibu wa kijiji, Ndugu Lucian, jasho linamtoka. Mgeni wa mkoa aliyetarajiwa wiki ijayo anafika leo. Kuku wachinjwe.

"Ndugu Katibu, hawa bado wana dawa mwilini," Mama Julia akamwambia. "Wanywe kwanza maji matupu wiki nzima, la sivyo nyama itakuwa chungu."

"Mgeni hali dawa, mama, anakula kuku. Chinja."

Akachinja. Akatia tui zito, akatia pilipili, akaonja mchuzi; uchungu ulikuwa palepale.

Mgeni alihutubia kwanza. Alisifu kujitegemea mpaka watu wakachoka kupiga makofi, kisha akashika paja na kuuma. Taya likasimama. Akaitema nyama kiganjani, akauliza kuku hawa wamelishwa nini.

Lucian, aliyeambiwa kwa masikio yake mwenyewe, akanyoosha kidevu kumwelekea Mama Julia. "Ni huyu mama, mkuu. Mambo yake ya kienyeji."

Mama Julia alifungua kinywa, akamwona mumewe anamkonyeza anyamaze, akakifunga. Mgeni akaamuru banda lifungwe na kuku waliobaki wapelekwe Newala kwa wataalamu. Wakubwa wakanawa mikono mara mbili kuondoa uchungu, kwa maji ya lile pipa. Nyuma ya jiko watoto waligombania masufuria mpaka mifupa ikawa myeupe, na hakuna aliyesema nyama ni chungu.

Kuku wakapakiwa kwenye lori. Pipa nalo likapakiwa, likiwa na maji nusu. Mama Julia akamfuata dereva, mzee Hilary, mtu mwema aliyezoea kumtania kuhusu tumbo lake.

"Shikamoo, baba. Angalau hayo yaliyobaki."

"Marahaba, mwanangu." Hilary alitazama usukani. "Maji haya ni ya kuku."

Lori likaondoka na vumbi lake. Mama Julia akachukua ndoo. Julia alitaka kufuatana naye, akamwambia abaki, njia ni mbaya. Alipofika ukingoni alikaza kanga chini ya tumbo, akashika mti mmoja, kisha wa pili, akaanza kushuka bondeni.