Kurasa Mbili za Katikati

Kra! Kra! Stepla kubwa ilikuwa ikilia ndani, na Gwakisa akaisikia akiwa bado barabarani, kabla hajauona hata mlango wa kiwanda cha uchapaji kwa ukungu wa Tukuyu. Akakaza mwendo. Jarida lake la muziki lilikuwa linabanwa pini.

Tangu magazeti ya watu binafsi yaruhusiwe, vijana wengi walitamba kuwa wataanzisha lao. Yeye alianzisha. Mashairi alijifundisha mwenyewe, na kupanga kurasa vilevile, kwa kuyachambua majarida ya Dar es Salaam.

"Mshairi, njoo umwone mwanao!" Fred, mwenye mtambo, akamrushia nakala.

Gwakisa akafungua katikati, mahali alipomwaga ufundi wake wote. Kushoto, Mzee Andongwisye wa Mpuguso, mpiga ngoma, amegeukia kulia. Kulia, Tusajigwe, mwimbishaji wa kwaya, amegeukia kushoto. Sura inayotazama nje humtoa msomaji ukurasani. Hilo Gwakisa alilishika kama amri. Na kwa kuwa picha ya Tusajigwe ilitazama nje, alimwagiza Medard, mpiga picha, aupindue mkanda wake, ile negativu, na kuisafisha picha upya ili sura igeukie ndani. Kisha shairi lake mwenyewe, kwa herufi nene, akalivusha juu ya mkunjo, kutoka mdomoni mwa mzee hadi sikioni mwa Tusajigwe. Pembeni akaacha weupe mtupu, ili jicho lisiwe na pa kwenda ila pale.

Tusajigwe alikuwa mke wa mtoto wa Mzee Andongwisye. Gwakisa alilijua hilo. Alijua pia kwamba katika ukoo ule bado mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawakutani njiani. Lakini alijiambia kuwa karatasi si njia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Tusajigwe mwenyewe, ametoka sokoni na kapu lake.

"Nimesikia nimo. Hebu nione."

Akatazama, akalifunga jarida upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mtu.

"Hata kovu langu umelihamisha shavu," akasema taratibu.

"Ni mpangilio tu, dada. Sura zikitazamana, kurasa mbili zinakuwa kitu kimoja."

"Ndiyo. Umetufanya kitu kimoja."

Fred akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Mimi nikisikia kikohozi cha baba yule, naingia kwenye michai mpaka apite," Tusajigwe akasema. "Naye akiniona kwa mbali, anageuza njia. Hiyo ndiyo heshima yetu tangu niolewe. Sasa Mpuguso nzima itasema nilikaa nikapigwa picha namna hii."

"Mambo ya kale hayo! Karatasi haina mkwe!"

"Haina?" Akalifungua tena, akamwekea mbele ya pua. Wino ulikuwa mbichi. Masharubu ya mzee yalikuwa yamehamia midomoni mwa Tusajigwe wa pichani.

Gwakisa akalifunga jarida, akalifungua tena. Alipima kila kitu kwa rula, ila hakuwahi kujiuliza jarida likifungwa inakuwaje. Katika kila nakala, watu wale wawili walikuwa wamelala uso kwa uso.

"Fred, chomoa karatasi ya katikati. Zote."

"Na shairi lako?"

"Na shairi."

Tusajigwe akashusha pumzi. "Afadhali. Maadamu baba hajaliona."

Fred akajikuna kichwa. "Nakala ya kwanza Medard ameshaondoka nayo kwenda Mpuguso. Uliniagiza mwenyewe, Gwakisa. Ulisema mzee awe wa kwanza kuliona."

Tusajigwe akaketi juu ya rundo la karatasi, akajifunika uso kwa khanga. "Ndaga, Gwakisa. Ndaga fijo," akasema, kama mtu anayemshukuru aliyemchomea nyumba.

Maisha yake yote Gwakisa hakuwahi kumwomba mtu radhi bila kwanza kubishana naye. Sasa akachuchumaa mbele ya Tusajigwe.

"Dada, naenda Mpuguso sasa hivi. Awe ameliona au bado, nitapiga magoti mbele ya mzee na ukoo wote, niseme wewe ulitazama pembeni na mimi ndiye niliyekugeuza. Nakuahidi, watalisikia kwa kinywa changu."