Maikrohezi Elfu Moja na Mia Sita

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Jere, meza zilikuwa zimeshapangwa ukingoni kabisa mwa gati la kijiji cha Mirnica, kama ilivyo desturi: wazee wameielekea bahari, watoto wananing'iniza miguu juu ya maji. Vinka alisimama mlangoni mwa kibanda cha kupimia bahari, akisoma kipimo kwenye simu.

Kipimo, kinachohesabu bahari inapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde, kilionyesha 1,600.

Mwaka jana, siku kama hii, kilionyesha 1.6. Vinka alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi. Alisoma milihezi, kumbe ni maikrohezi, ambazo ni ndogo mara elfu. Bahari iliyokuwa ikipanda na kushuka polepole kwa muda wa zaidi ya wiki, yeye aliiona ikipanda na kushuka kila dakika kumi. Akapiga king'ora. Kijiji kizima kikakimbilia mlimani, pweza wa Mama Tonka wakaungua jikoni, na tangu hapo watu wakamwita Vinka Elfu.

Sasa akahesabu kwa sauti ya chini. Maikrohezi elfu moja na mia sita. Gawanya kwa elfu: milihezi moja nukta sita. Gawanya tena kwa elfu: hezi sifuri nukta sifuri sifuri moja sita. Kitu kinachojirudia hivyo huchukua dakika kumi na ushee. Na dakika kumi ndiyo pumzi ya ghuba yao, ndefu na nyembamba: muda wa maji yake kutoka na kurudi. Ikisukumwa kwa mwendo huo, kila msukumo huongezea uliotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea.

Alirudia hesabu, jibu likawa lile lile. Lakini hata mwaka jana jibu lilikuwa lile lile kila aliporudia.

Mjomba wake Špiro, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa kwenye mashua yake, amevaa koti jeusi. Zamu ya kumbeba mtakatifu baharini ilikuwa imemfikia baada ya kuingoja maisha yake yote. Sanamu ya mti ilisimama katikati ya mashua, imefungwa kwa kamba na maua.

"Mjomba, shuka. Bahari imeanza kucheza."

"Nishuke? Leo mimi ni bwana harusi, mwanangu, na wewe waniambia nivue koti?"

Mama Tonka akainua kichwa kutoka kwenye sufuria ya wali mweusi wa ngisi. "Jamani, Elfu kaamka! Safari hii niufunike wali au nikimbie nao?"

Gati zima likacheka.

"Cheka tu, Mama, ila watoto watoke ukingoni."

"Mwaka jana nao uliapa."

"Mwaka jana nilikosea."

"Na leo?"

Vinka akaitazama ngazi ya gati iliyoshuka majini. Nambari ilikuwa sahihi, lakini pale hapakuwa na mtu wa kuhamishwa na nambari. Padri Ljubo akafungua kitabu aanze litania. Litania ya Mirnica ni orodha ndefu ya watakatifu, ya dakika kumi hivi; Mama Tonka huitumia kupimia muda wa wali wake, na haujawahi kumharibikia.

"Sikilizeni!" Vinka akapaza sauti. "Tazameni ngazi ile yenye mwani. Padri akifika katikati, itakuwa kavu. Akifika Amina, maji yatakuwa yamerudi, na yatapita hapa tulipo. Nikikosea, niiteni Elfu mpaka kaburini."

"Haya," mtu akasema, "kutazama ni bure."

Litania ikaanza. Vinka alijua kwamba kila jina la mtakatifu lilikuwa linamlia muda. Akawaondoa watoto ukingoni mmoja mmoja, nao wakalalamika.

"Utuombee," watu wakaitikia kwa furaha. Ngazi ya kwanza ikatokeza. "Utuombee." Ya pili, ya tatu, mwani ukining'inia, kaa akihangaika kutafuta maji. Sauti zikapungua. Mashua zikaanza kuegemeana, kamba zikikaza.

Mama Tonka akakitupa kijiko. "Padri, usimalize! Wabebeni watoto! Juu, juu kanisani!"

Watu wakakimbia. Špiro peke yake hakutoka.

"Siwezi kumwacha Jere, Vinka. Nitawaambia nini wenzangu?"

Vinka akaruka ndani ya mashua. "Basi tumbebe. Mimi miguu, wewe kichwa."

Wakakata kamba. Walipanda mtelemko wakihema, sanamu katikati yao, na maji nyuma yakirudi kwa mvumo mzito, yakameza ngazi, gati na meza. Mashua ya Špiro ilinyanyuka, ikazunguka, ikaangukia ukuta wa duka la samaki.

Uani mwa kanisa akina mama waliita majina ya watoto, na kila jina likaitikiwa. Kule chini ghuba ikaanza kukauka tena. Špiro alizitazama mbao za mashua yake. Vinka akaenda kusimama kando yake.

Mama Tonka akamsogelea Vinka. Hakucheka. "Inarudi tena, binti?"

"Inarudi. Na inaweza kuwa kubwa zaidi."

"Baada ya muda gani?"

"Ule ule."

Mama Tonka akamgeukia padri. "Baba, anza tena. Polepole kama kawaida, usiruke hata mmoja."

Padri akaanza. Špiro akaushika mkono wa Vinka, na wote wawili wakaitikia.