Mlango wa Visigino

Hata mama yake mzazi alimwita Masihara, kwa sababu tangu aote meno hakuwahi kujibu swali bila kulizungusha kwanza. Ukimuuliza saa, alikuuliza unataka ya leo au ya jana. Lakini akishika patasi, mdomo ulijifunga wenyewe. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba ya dada yake, na kila kilichokuwamo kilidanganya kwa adabu: kikombe chenye vitako viwili, karata zilizopigwa msasa ukingoni ili kidole kizijue bila msaada wa jicho, sarafu iliyokatwa katikati ikatiwa bawaba ndogo kuliko punje ya mchele. Halafu masanduku. Masanduku ya mazingaombwe ndiyo yaliyomlisha yeye, dada yake, na mume wa dada yake, ambaye mji mzima ulimwita Profesa ingawa shule aliiacha mara tu ilipoanza kumuuliza maswali.

Kazi waligawana hivi: Masihara anatengeneza, dada anaingia, Profesa anapokea makofi.

Fundi huyu alikuwa na desturi moja asiyoivunja. Kila sanduku lilikuwa na njia ya kutokea ya mchezo wenyewe, ile anayoijua Profesa. Na lilikuwa na njia ya pili, ya kuokoa roho, ambayo alimwonyesha mtu mmoja tu: yule atakayelala ndani.

"Profesa akiijua," alisema, "kesho ataitia kwenye mchezo, na keshokutwa tutahitaji ya tatu."

Desturi hiyo ilizaliwa siku komeo lilipogoma dada akiwa ndani. Aligonga. Profesa alisikia, alikuwa amesimama hapo hapo, kiwiko juu ya kifuniko. Lakini alikuwa katikati ya kichekesho na watu walikuwa hoi kwa kucheka, basi akakimalizia, akainama, akainama tena. Dada alipofunguliwa, msumari ulikuwa umemchana bega na midomo imegeuka kijivu, na bado aliwatabasamia watazamaji, kwa sababu walikuwa hawajaacha kupiga makofi. Hakuwahi kulizungumzia jambo lile. Ila tangu siku hiyo, akisikia mtu anagonga mlango, hata wa jirani, alisimamisha alichokuwa akifanya mpaka mlango ufunguliwe.

Asubuhi moja Profesa aliingia karakana, akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali yake nyeupe kana kwamba vumbi limemvunjia heshima.

"Shemeji, nataka kitu cha kuwakausha watu mate. Sanduku. Juu yake ubao wenye miiba ya chuma. Ubao unaning'inia kwa kamba, kamba inachomwa na mshumaa. Kamba ikikatika..." Akapiga kofi moja.

"Nikichonga miiba ya mti nikaipaka rangi ya fedha, chuma chenyewe kitaona wivu."

"Chuma, shemeji. Watu wa mbele nataka waje waguse."

"Na ndani analala nani? Maana wewe ukiungua kidole kwa chai unaandika wosia."

"Wewe tengeneza. Siri ya mchezo haitoki kabla ya pazia kufunguliwa."

"Haya. Lakini iko siku nitakugundisha humo ndani, nipumzike."

"Gundisha, shemeji, gundisha! Nitapata angalau pa kulala pasipo na kelele zako."

Ndivyo walivyoishi mashemeji wale. Siku ikipita bila tusi la kirafiki, mmoja alidhani mwenzake anaumwa.

Dada alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Alisikiliza mpaka mwisho. Mumewe alipoondoka, akaweka beseni chini, akanyoosha mikono kama anayepimwa gauni.

"Nipime mimi," alisema.

Masihara akampima: bega kwa bega, utosi hadi unyayo. Dada alikuwa na mwili wake, si haba. "Mumeo akiingia humu," alitania, "atabaki na nafasi ya kufuga kuku."

Dada alitabasamu kidogo. Hakusema kwamba hilo ndilo lililopangwa.

Sanduku likasimama. Kitako chake kilikuwa ubao unaoteleza ndani ya mfereji uliopakwa nta. Anayelala anausukuma kwa kiganja, anashuka kwenye tumbo la meza iliyo chini, kisha anagonga mara moja: nimetoka. Hiyo ndiyo njia ya Profesa. Njia ya pili ilikuwa ukuta wa miguuni, upande unaoelekea pazia la nyuma. Haukuwa na bawaba wala komeo, na ukiupapasa kwa nje usingeambulia kitu. Unabana magoti, unakutanisha visigino, unapiga pale chini kabisa. Ukuta mzima unadondoka, nawe unateleza nyuma ya pazia.

"Visigino vyote viwili kwa pamoja," Masihara alimwelekeza dada yake. "Kimoja hakitoshi."

"Na mume wangu hajui?"

"Ajue ili iweje? Yeye halali humu."

Dada aliutazama ule ukuta kwa muda. "Vizuri," alisema.

Asubuhi ya onyesho alirudi kuomba gundi. Soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imeachama mbele kama mdomo wa mtu aliyesinzia, na kila akipiga hatua ililia: ta-pwa, ta-pwa.

"Paka kidogo tu, dada. Hiyo ni gundi ya masanduku. Ukizidisha utafufuka na hicho kiatu siku ya kiyama."

Akaondoka na kopo na brashi.

Jioni ukumbi ulifurika. Masihara alikaa nyuma kabisa, kama kawaida yake, maana fundi wa mazingaombwe hutazama migongo. Migongo ikinyooka yote kwa pamoja anajua kazi imekubali. Watu wa mbele waliitwa kugusa miiba. Mmoja alirudi ananyonya kidole, ukumbi ukacheka kwa woga.

"Mabibi na mabwana," Profesa alinguruma, "leo anayelala ni mimi mwenyewe! Na mwezi ujao nasafiri na sanduku hili, peke yangu, nchi kwa nchi. Mke wangu atapumzika. Miaka yote hii amenitumikia vya kutosha!"

Watu wakapiga makofi. Dada naye alipiga, pale pembeni ya jukwaa, ngoma ikiwa mbele yake.

Masihara alikunja uso. Mwenye kulala ni Profesa, na Profesa hajui mlango wa visigino. Si neno, alijiambia, kitako kinateleza kama sabuni, nimekijaribu mwenyewe. Profesa akajilaza ndani. Kisha dada alivuka jukwaa kwenda kufunga komeo la kifuniko, na katika ule ukimya kila mtu alimsikia.

Ta-pwa. Ta-pwa. Ta-pwa.

Masihara aliikumbuka gundi. Kiatu hakikugundishwa.

Mshumaa ukawashwa. Dada akarudi kwenye ngoma na kuanza taratibu. Masihara alitega sikio lake lote kusubiri mlio mmoja wa kugonga kutoka chini ya meza. Haukuja. Kilichokuja kilitoka ndani ya sanduku: ko-ko-ko, ko-ko-ko. Na dada, bila kugeuza kichwa, aliudaka mdundo ule ule akauweka kwenye ngoma. Ko-ko-ko, ikasema mbao. Du-du-du, ikajibu ngozi. Watu wakaupenda. Wakaanza kuupigia makofi, ukumbi mzima, wakisaidia kumzamisha mtu.

Masihara alishtukia yuko kwenye ujia kati ya viti, anakanyaga vidole vya watu.

"Visigino!" alipayuka. "Shemeji, visigino!"

Kicheko kikalipuka. Wakadhani ni kichekesho cha kukodiwa.

"Ukuta wa miguuni! Vyote viwili! Piga kwa pamoja!"

Kamba ilikuwa imebaki uzi. Dada aliinua macho kutoka kwenye ngoma, akamtazama mdogo wake. Hakuonyesha hasira, wala hofu. Alimtazama kama mtu aliyekatizwa sentensi. Kamba ikakatika, ubao ukashuka, na miiba ikazama yote kwenye matundu ya kifuniko kwa sauti ambayo Masihara aliisikia kwenye meno.

Ukumbi ukawa kimya kama umezimwa. Dada akaenda, ta-pwa, ta-pwa, akasaidiwa kuinua ubao, akafungua kifuniko. Tupu. Na nyuma ya pazia akatokea Profesa, koti limechanika toka kwapa hadi kiunoni, uso umelowa, mikono juu. Paa karibu lingenyanyuka kwa makofi.

Kwenye chumba cha nyuma, Profesa alikunywa maji kikombe kizima.

"Kitako kiligoma," alisema. "Kimegandana na mfereji. Gundi, shemeji! Ilifikaje pale?"

"Ilipakwa."

"Na nani?"

Dada alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, anamvua koti lililochanika, taratibu, kama anayemenya tunda.

"Na dada," Masihara alisema.

Profesa alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi mpaka akashika meza. "Shemeji wewe! Mtu katoka kaburini, jasho halijamkauka, umeshaanza masihara yako!"

"Sitanii. Nasema kweli, wallahi."

"Ndivyo unavyosema kila siku! Si wewe uliyesema utanigundisha? Ulimwaga gundi yako, sasa unamsingizia mke wangu!" Akajipangusa macho. "Lakini zile mbio zako! Zile kelele za visigino! Umeuchangamsha mchezo. Sasa nimeijua hiyo njia, nitaitumia hiyo hiyo. Safisha tu mfereji."

"Mdogo wangu huyu," dada alisema, naye akicheka kidogo, "hata kwenye msiba wetu atachekesha waliokuja kuzika."

Profesa alipotoka kwenda kusalimia watu, Masihara alimshika dada yake mkono.

"Ungemfungua?"

"Ningemfungua."

"Lini?"

"Ngoma ikiisha."

"Mpigaji si ndiye wewe?"

Dada aliinama kuisukuma soli yake irudi mahali pake.

Ikawadia asubuhi ya safari. Sanduku lilikuwa sakafuni katika karakana, tayari kubebwa, na Masihara alikuwa ameshakwangua mfereji wote na kuutia nta upya. Alitoka kutafuta kamba ya kulifungia. Aliporudi, alisimama mlangoni akihisi kuna kitu hakijakaa sawa, akaona ni kitu kidogo mno: brashi ya gundi. Alikuwa ameiosha na kuitundika. Sasa ilikuwa mezani. Brashi ya gundi isipooshwa hugeuka jiwe mara moja. Aliibonyeza kwa kidole, ikakubali. Ilikuwa laini, ya moto bado, kama ulimi.

Akagusa kitako. Kinateleza. Akaupapasa ukuta wa miguuni kwa nje, akijua ni kazi bure. Ndivyo alivyoutengeneza, usijulikane kwa nje. Kulikuwa na namna moja tu ya kuujaribu. Akaegemeza kifuniko ukutani, akaingia, akalala chali. Alikuwa anasogeza miguu aliposikia uani: ta-pwa, ta-pwa. Hatua zikavuka kizingiti. Zikasimama karibu na kichwa chake.

"Mdogo wangu, umo ndani?"

"Simo," alijibu, mdomo ulimtangulia, kama siku zote.

Hakuna aliyecheka. Kifuniko kikashuka na komeo likalia. Mwanga ukapita kwenye matundu ya miiba ukamwagika kifuani pake, viduara viduara, kila kimoja kikionyesha mahali pake. Akasukuma kitako kwa kiganja: kikateleza vizuri kabisa, na chini yake pakawa na sakafu ya saruji. Akabana magoti, akakutanisha visigino, akapiga. Ukuta haukutikisika. Akapiga tena, kwa nguvu zake zote. Alikuwa fundi mzuri, na gundi yake ilikuwa gundi nzuri.

"Hivyo hivyo," dada alisema kutoka juu, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Ndivyo inavyokuwa. Nilitaka mtu wa damu yangu aijue hali ile."

"Dada, fungua."

"Nitafungua. Kwanza niahidi kitu kimoja. Safari nyingine usipige kelele."

Masihara alitafuta neno la kuzungusha, lile lililomtoa kwenye kila shida tangu utotoni, akakuta kinywa kikavu. Uani gari lilikuwa linanguruma, na sauti ya Profesa ikaita, "Shemeji! Sanduku liko tayari?"

"Shemeji!" Masihara alipiga ukelele. "Shemeji, njoo! Dada amenifungia humu! Amegundisha mlango wa visigino!"

Kisha kikaja kicheko kile kile, kizito, cha furaha, kikikaribia dirishani.

"Acha masihara, bwana! Gari linasubiri!"

Na juu ya kifuniko, taratibu, vidole vya dada vikaanza kupiga ngoma.