Wimbo wa Kamba

Tangu shule nzima ikubaliane kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa kwenye mchezo, hakuna aliyemfukuza Mgeni. Makubaliano yale yaliwahusu wote: walimu, mlinzi wa getini, hata shangazi wa jikoni, aliyesinzia kikaoni mpaka akaguswa bega.

Mgeni alipewa jina hilo siku alipohamia, na muhula mzima ulipita bado akiitwa hivyo.

"Ingia," Twiga, mkubwa wa mchezo, alimwambia kila mapumziko huku akizungusha kamba. "Mwalimu asije akasema tumekukataa."

Mgeni akiingia, wimbo wa kuhesabia mirukio unakatika.

Kamba ilizunguka kimyakimya, ikipapasa vumbi. Jua la saa nne lilikuwa jeupe, laini, na ndani ya duara lile Mgeni alijiona kama anaruka usingizini, mahali ambapo watu wako karibu nawe lakini hawakuoni. Alitamani kitu kimoja tu, aimbiwe kama wenzake. Mwalimu wa zamu alipita, akaona mtoto anacheza na wenziwe, akatabasamu, akaenda zake.

Shangazi wa jikoni alikuwa bombani anasugua sufuria. Akanyoosha mgongo.

"Mbona mnaruka kama mko msibani?"

Wakaendelea kuzungusha kamba.

"Basi naimba mimi. Moja ya mvua," akaanza, sauti ikikwaruza, "mbili ya sufuria..."

Twiga alikunja uso. "Shangazi, siyo sufuria. Mbili ya wingu."

"Haya. Mbili ya wingu, tatu ya mwiko."

"Ya nyota," wakasema wote, vicheko vikiwatoka. "Shangazi, unatuharibia."

"Ningejuaje, nami sijafundishwa? Nionyesheni."

Wakamwonyesha. Waliimba taratibu, neno kwa neno, wakimkazia macho asikosee tena, na aliyekuwa ndani ya kamba wakamsahau. Mgeni aliusikia wimbo ukipanda kutoka ardhini, ukipita magotini, ukimjaa kifuani. Vumbi lilielea kama unga wa dhahabu. Miguu yake haikuwa na uzito. Akafumba macho, na kamba ikamnasa.

Wimbo ukafa. Twiga alimtazama, na ilionekana wazi kwamba sasa amekumbuka ni nani waliyekuwa wakimwimbia. Povu lilidondoka polepole kutoka mikononi mwa shangazi.

"Umegusa," Twiga alisema hatimaye, akimnyooshea ncha ya kamba. "Zungusha wewe. Na uimbe kwa nguvu, usimwachie shangazi atuharibie."