Picha Kabla ya Mkataba

Mdogo wangu Daimu ana mguu wa kushoto unaotikisa nyavu na akili za kuku. Nasema hivyo nikiwa nampenda. Ijumaa, viongozi wa timu ya mkoa mwingine walimwita hotelini, wakamvisha jezi yao, wakamshikisha kalamu na karatasi, wakampiga picha akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Siku hizi wachezaji wanatambulishwa hivyo. Karatasi ilikuwa tupu. Mkataba wenyewe, walisema, ungefuata.

Picha ikasambaa. Kufika jioni timu yake ya hapa Songea, iliyokuwa imekubali kumwongezea mwaka mmoja, ikampa mchezaji mwingine nafasi yake.

"Si umeshaondoka?" kocha alimuuliza kwenye simu.

Jumatatu dirisha la usajili lilikuwa linafungwa, na Daimu hakuwa na timu yoyote kwa maandishi. Alikaa kwenye steshenari yangu hapa Msamala, akiigeuzageuza simu. Mama alishapiga kutoka Nalasi kusema majirani wanampa hongera.

"Walisema milioni kumi za usajili, dada. Nusu nikisaini, nusu ligi ikifika katikati. Mshahara mbali."

"Walisema! Umeona imeandikwa wapi?"

"Wameniposti. Timu haiwezi kumposti mtu halafu ikamgeuka."

Alasiri mkataba ukaingia kwenye simu. Niliuchapa mwenyewe, nikasoma kila ukurasa ukiwa bado na joto la printa. Miaka mitatu. Mshahara upo, kiduchu. Timu inaweza kumwacha kwa notisi ya mwezi mmoja. Yeye akitaka kuondoka, lazima timu ilipwe fidia. Kwenye ada ya usajili wameandika: hakuna.

Nikampigia Brayson, wakala aliyewakutanisha.

"Milioni kumi ziko wapi?"

"Bajeti imebana, sister. Asaini kwanza, mengine tutaongea."

"Asiposaini?"

"Kwani ana timu nyingine?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionichoma. Nikamkatia simu.

"Nisaini?" Daimu aliuliza.

Nilitamani kuzichana zile karatasi. Lakini mpaka dirisha dogo la usajili ni miezi, na miezi hiyo angeimaliza akicheza ndondo za mtaani kwenye viwanja vya mawe, mguu ule ukivunjika hakuna wa kuutibu. Nikamsukumia kalamu, nikijichukia.

"Saini."

Akafuta kiganja kwenye suruali, akainama kwenye kaunta, akasaini ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyempiga picha.

Simu yake ikaita. Mama. Akanisukumia mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Eti mdogo wako keshasaini?"

"Keshasaini, mama."

Mama akapiga vigelegele, vikatoka kwenye simu vikajaa duka zima. Daimu akalaza kichwa juu ya kaunta, akaziba masikio.