Jina Lililoelekeza Kiwanjani

Jioni ile nilirudi kutoka darasa la mitandao ya kompyuta nikiwa na hasira. Tovuti ya zahanati ya parokia yetu, ambayo wagonjwa wa kisukari hutazama siku ya kugawiwa insulini, ilikuwa haifunguki, na fundi wa kampuni inayoitunza alikuwa amenijibu, "Kwetu kila kitu ni kizima, mama. Labda simu yako imezeeka." Nilianza rozari, usingizi ukanichukua kabla sijaimaliza.

Nikajiona katika Mji wa Majina, ambako kila mlango una jina lake. Mbele ya mlango wa zahanati wagonjwa walikuwa wamekaa chini juani, midomo imewakaukia, na kizingitini Kiburi alikunywa chai pamoja na nduguye Kisingizio.

"Mbona hawaingii?" nikauliza.

"Kibao si unakiona?" akasema Kiburi. "Rangi mpya hiyo."

"Waambie wazime simu, wawashe," akadakia Kisingizio, wakacheka hadi chai ikawamwagikia.

Nikainua ngumi. Mwanamke aliyekunja mikono ya gauni akaishika. Alikuwa Uhakiki. "Hasira yako ni ya haki, mwanangu, ila umemuuliza asiyeijua njia. Jina hili ni lakabu, halina nyumba. Kazi yake ni kukutuma kwa jina jingine. Liulize lenyewe linakutuma wapi, kisha ufuate hadi mwisho."

Nikauliza. Mlango ukafunguka kwenye kichochoro, tukakifuata hadi kwenye jina la pili, na nyuma yake palikuwa na kiwanja kitupu, magugu yameota juu ya msingi uliobomolewa. Ng'ambo ya bonde nyumba mpya iling'aa, dawa zimejaa, hakuna mtu ndani.

"Wenye nyumba walihamia kule, wakasahau kurekebisha lakabu," akasema Uhakiki. "Kiburi anaitazama nyumba yake. Njia ya mgonjwa haitazami."

"Ee Bwana, na hawa wanaokauka mlangoni!" nililia, na kilio kikaniamsha.

Nikawasha kompyuta, nikaliuliza jina la tovuti ya zahanati linaelekeza wapi, kama mwalimu alivyotufundisha. Likanitajia jina la pili. Nikaliuliza na hilo. Jibu likaja kwamba halipo popote. Hapo nikaielewa ndoto: siku zote nilikuwa nikiwauliza watu kama wao ni wazima, nao hujibu ndiyo, badala ya kuliuliza jina lenyewe linaishia wapi. Nikamwandikia yule fundi: "Ndugu, seva yenu kuwa nzima hakumsaidii mgonjwa. Lakabu yetu bado inaelekeza kwenye jina mlilolifuta. Irekebisheni leo, kabla mtu hajazimia akingoja."