Waya Uliopita Chumbani kwa Toakase

Mume wangu Maikolo na dada yake Toakase walikaa miaka thelathini na tisa bila kucheka pamoja. Hawakuwa wamegombana. Wangegombana ningewaelewa, maana wagombanao hupatana. Ilikuwa heshima. Sisi Watonga, msichana akishavunja ungo, kaka yake hamtanii tena, haketi naye chumba kimoja, hatazami naye sinema, na mlango wa chumba chake cha kulala hauvuki mpaka mmoja wao aingie kaburini. Siku hizi wengi wamelegeza. Lakini baba yao alikuwa mzee wa kanisa wa aina ile ya zamani, na wanawe walikuja Australia na malezi yale kama walivyokuja na mikeka yao, bila kuacha nyuma hata ukili mmoja.

Wanaosema heshima si utumwa hawajaishi nyumba moja na hawa wawili.

Toakase hakuwa na mume wala mtoto. Saratani ya ini ilipomwandama, akaja kukaa kwetu Mildura, na Maikolo akampa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa humo humo, na haikuweza kuhamishwa, kwa sababu tundu la simu lililoleta intaneti lilikuwa kwenye ukuta ule. Basi wifi yangu akahamia pamoja na kompyuta, na tangu siku ile mume wangu hakuiona tena kwa macho. Hakulalamika. Kwetu dada yuko juu ya kaka, hata kama kazaliwa nyuma yake. Mkeka mzuri kuliko yote ni wake, kipande kinono cha nguruwe ni chake, sembuse kompyuta.

Kilichomuuma ni gemu. Usiniulize mwanamume wa miaka hamsini na mbili anatafuta nini kwenye gemu. Alikuwa na mashine yake kule kwenye banda la gari, na kila alasiri, akitoka kwenye mashamba ya zabibu, alivaa hedifoni akacheza raga na binamu yake Uhila aliyekuwa Auckland. Raga yenyewe ilikuwa kisingizio. Walikuwa wanapashana habari: nani kaoa, nani kazikwa, nani kafukuzwa kwaya. Maikolo si mtu wa kupiga simu. Ukimpa simu husema "ndiyo, ndiyo, haya" akakata. Lakini mpe mpira wa kwenye skrini, anaongea mpaka mate yanakauka.

Na kile kisanduku cha intaneti kilikuwa na tundu moja tu la waya. Waya ukiingia kwenye kompyuta, mashine ya gemu inalala njaa, na sasa Toakase alikuwa akiitumia kompyuta kutwa. Wiki nzima Maikolo alikaa bandani akiitazama skrini nyeusi. Ni Toakase aliyeniuliza.

"Wifi, mbona siku hizi simsikii kaka akipiga kelele bandani?"

Nikamweleza. Akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyemkatia. Itafutwe njia."

Njia aliileta Uhila, kwa simu. Alisema kompyuta yetu ina matundu mawili ya waya. Intaneti iingie kwa moja, itokee kwa la pili, ipite ukumbini mpaka bandani kwenye mashine ya gemu. Kompyuta itakuwa mlango, na wote wawili watapata. Maikolo alinunua waya mrefu mjini, akaurudisha kesho yake kwa sababu haukuwa wenyewe. Ulitakiwa ule ambao nyuzi zake zimepishanishwa ndani. Haya, ukapatikana. Nani sasa atauchomeka, na nani atakwenda kubonyeza vya kubonyezwa kwenye kompyuta? Mwenye kujua kidogo alikuwa Maikolo, na Maikolo chumbani haingii.

Basi nikawa mimi. Uhila alimwambia Maikolo kwa simu, Maikolo akaniambia mimi bandani, mimi nikatembea mpaka chumba cha mbele nikamwambia Toakase aliyeketi kitandani na kibao cha kuandikia cha kompyuta mapajani.

"Mwombe dada yangu," alisema Maikolo, "kama haitamchosha, na kama ataona vema, afungue ile sehemu yenye picha ya kompyuta mbili."

Nilifika kwa Toakase nikasema, "Fungua kompyuta mbili."

"Mwambie kaka nimefungua, na ninamshukuru kwa subira yake."

Nilirudi bandani nikasema, "Kafungua."

Nilikwenda na kurudi mara kumi na moja. Mara ya tisa nilisimama katikati ya ukumbi nikapiga ukelele. "Nyinyi wawili mna masikio! Nyumba yenyewe kama kiberiti! Si mpaaze sauti tu?"

Nikaendelea kutembea.

Mashine ya gemu ilipokubali, Uhila alisikika hata nje ya hedifoni: "Karibu tena duniani, mzee! Leta mgongo wako nikuchape!" Toakase, chumbani kwake, alifumba macho akatabasamu. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na alikuwa bado anaweza kuketi.

Ila kulikuwa na sharti. Kompyuta ikizimwa, gemu nayo inakatika. Kwa hiyo kila siku saa tisa alasiri Toakase aliiwasha, awe na kazi nayo au asiwe nayo, na hakuizima mpaka amesikia mlango wa banda ukifungwa. Mwanzoni alikuwa na kazi. Aliandikiana na wanawake wa kanisa kuhusu mikeka ya harusi. Kufikia Januari alikuwa hawezi tena kushika kibao. Kompyuta iliwaka kwa ajili ya kaka yake peke yake.

Na ilikuwa kompyuta ya zamani. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga, na joto lililotoka humo liliongezwa juu ya joto la Mildura, ambalo mwezi ule lilikuwa limefika digrii arobaini na nne. Mlango haukufungika vizuri kwa sababu ya ule waya uliopita chini yake, hivyo hata ubaridi kidogo wa feni ya dari ulitoroka. Toakase alilala akiwa amelowa jasho, midomo imekauka, maumivu yanampanda na kushuka.

"Wifi, nizime kitu hiki upumzike," nilimwambia.

"Usithubutu. Kaka ana kitu kimoja tu cha kumfurahisha, nami nimnyime?"

"Basi nimwambie aache mapema."

Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mifupa mitupu, lakini alishika hasa. "Vai, ukimwambia naumwa kwa sababu yake, hatacheza tena maisha yake yote. Usimwambie. Nakuomba."

Haya. Nikaenda bandani na chai. Nikamkuta mume wangu anacheza kama mtu aliyetumwa kupiga deki. Uso umelegea, macho mekundu.

"Baba watoto, si uache tu leo ukalale? Umeamka saa kumi alfajiri."

Alitoa hedifoni akaziba kile kipaza sauti kwa kiganja. "Unadhani nataka? Vai, mimi sina hamu ya gemu tangu daktari aseme lile neno. Uhila ananifunga kila siku, mpira wenyewe siuoni."

"Sasa unakaa hapa kufanya nini?"

"Dada amenifungulia njia. Anawasha mashine kwa ajili yangu, mgonjwa vile. Niikatae? Atasema kaka yake kamtupia zawadi yake usoni." Akavaa tena hedifoni. "Usimwambie."

Hapo ndipo ulipo ujinga wetu, na nausema nikiwa mmoja wao. Mmoja alivumilia kelele na joto ili mwenzake afurahi. Mwenzake alivumilia furaha asiyoitaka ili wa kwanza asiaibike. Mimi nikawa katikati, nimebeba siri mbili ambazo zingekutana zingemaliza mambo kwa nusu dakika. Nilikuwa nimeapa huku na nimeapa kule, na mke katika ukoo ule si mtu wa kuvunja neno la wifi yake. Nikanyamaza wiki tatu.

Aliyenifumbua macho ni Noelene, muuguzi aliyekuwa akija nyumbani. Kwa kawaida alikuja asubuhi. Siku ile gari lilimharibikia, akafika saa kumi alasiri, akaingia chumbani akarudi nyuma kama aliyefungua tanuri.

"Mungu wangu! Kompyuta hii ya nini humu?"

"Ya mume wangu. Ya gemu yake."

"Yuko wapi?"

"Bandani. Anacheza."

Alinitazama. "Mama, huyu anakufa. Anakufa, na kaka yake yuko bandani anacheza gemu?"

Nilitaka kumzaba kofi. Si kwa kuwa alidanganya. Niliona haya, na nilijua hata ningemweleza mpaka jioni asingeelewa. Alipomaliza kumdunga Toakase sindano ya maumivu, alinivuta ukumbini, na safari hii alisema kwa upole.

"Ana siku tatu. Nne. Kama kuna watu humu ndani wana la kuambiana, waambiane leo."

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikasema liwalo na liwe. Nilikwenda bandani nikamvua Maikolo hedifoni kichwani, na ndani yake Uhila akawa anauliza, "Vipi mzee, umeanguka?"

"Unamuua dada yako kwa joto," nilisema.

Nikamwambia yote. Feni, jasho, mlango usiofungika, na kwamba hataki kuzima kwa sababu yake. Nikamwambia na siri yangu, kwamba nilijua. Alinisikiliza akiwa amekaa vilevile, mikono mapajani.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na joto lote hili?"

"Na joto lote hili."

Alizima mashine kwa kidole kimoja. Akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akajifunga mkeka wake kiunoni, kama Mtonga anayekwenda kanisani. Kisha akatembea mpaka ukumbini, akafika penye mlango wa chumba cha mbele uliokuwa wazi upana wa kiganja, akasimama. Nilidhani ataingia. Nakiri, niliomba aingie. Hakuingia. Aliketi chini sakafuni, akaupa mlango mgongo ili asichungulie hata kwa bahati mbaya.

"Dada," alisema.

Ndani kulikuwa na ngurumo ya feni tu. Kisha sauti yake, nyembamba. "Naam, kaka."

"Nimezima."

"Mchezo umekwisha?"

"Ulikwisha zamani. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Na mimi niliogopa kukukatia."

Niliingia nikapita pembeni ya kitanda, nikaizima ile kompyuta, na chumba kikatulia ghafla hata tukasikia kunguru nje. Toakase alikuwa ameuelekeza uso mlangoni.

"Kaka. Nikuulize neno lisilofaa?"

"Uliza, dada."

"Ulikuwa unashinda?"

Niliona kisogo cha Maikolo kupitia ule upenyo. Kiliinuka kidogo. Kaka haulizwi hivyo na dada yake. Ni utani, na utani wao ulikoma Toakase akiwa na miaka kumi na miwili.

"Sijashinda tangu Novemba," alijibu. "Uhila ananipiga kama ngoma ya kanisani kwetu."

Niligeuka haraka nikidhani kikohozi kimemshika. Haikuwa kikohozi. Wifi yangu alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili kama msichana kanisani, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Na huko nje mume wangu naye alianza, kicheko kizito, ambacho kila alipotaka kukizuia kilimponyoka upya. Kisha sauti yake ikabadilika, na nikajua hacheki tena, analia.

"Kaka, usiingie," alisema Toakase.

"Siingii, dada."

"Lakini usiondoke."

Hakuondoka. Alikaa palepale mpaka dada yake akapata usingizi, na jua lilikuwa bado liko juu ya mashamba.

Kesho yake Toakase hakuongea na mtu. Keshokutwa yake asubuhi alikata roho, Maikolo akiwa shambani. Kwa hiyo walipata alasiri moja. Wangepata ishirini na moja kama mimi nisingekuwa mwaminifu kiasi kile, na hilo linaniuma mpaka leo. Mtu akiniletea siri siku hizi namwambia kabisa: usinipe, sitaitunza.

Mazishini watu walikuja kutoka Sydney, Melbourne na Auckland. Toakase alilazwa kwenye mikeka mizuri, na wanawake wakakaa naye wakiimba. Kaka haendi pale. Maikolo na watoto wetu wawili, waliofika kwa ajili ya msiba, walikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa, wamevaa mikeka iliyochakaa mpaka vifuani, wanapika kwenye shimo la mawe ya moto, kwa sababu mbele ya dada na shangazi hapo ndipo mahali pao. Nilikuwa nawaletea majani ya kufunikia Uhila alipofika, na begi lake bado mkononi. Alimkumbatia binamu yake katikati ya moshi.

"Pole sana, mzee wangu. Najua mila ni mila. Lakini mliwahi kuagana? Mliomba hata sala moja pamoja?"

Maikolo alipangusa majivu usoni.

"Tulicheka," alisema.

Uhila alinitazama mimi. Niliona anadhani msiba umemchanganya akili. Akamwekea mkono begani, taratibu, akitaka kumwondoa pale kwenye joto.

Mume wangu alikataa kuondoka. "Sikia ninavyokwambia, Uhila," alisema. "Mimi na dada yangu. Tulicheka."